Saa ya Ukutani na Maziwa ya Mama

Naichukia saa ya ukutani ya ofisini kwetu. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nitasimulia kwa upole. Wengine wanasema hasira zangu nimezirithi kwa bibi, wengine wanasema ni baridi ya Lushoto inayotufanya tukunje uso tangu utotoni. Semeni mnavyotaka. Saa ile ilitaka kumvua mama yangu nguo mbele ya kijiji, na aliyeitundika hajawahi kusema samahani kwa kinywa chake.

Ofisi yetu iko ghorofani, karibu na soko la Lushoto. Tunatengeneza visanduku vya kuendeshea mitambo: tangi la kupozea maziwa, pampu ya maji, mashine ya kutotolea vifaranga. Ndani ya kila kisanduku kuna kompyuta ndogo, na kompyuta yoyote, kubwa au ndogo, inataka mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayozisimamia nyingine zote. Sisi hatununui mfumo endeshi. Tunauchukua ule unaotolewa bure duniani, tunaupunguza, tunaongeza vyetu, halafu tunaujenga upya wenyewe kwenye kompyuta moja kongwe iliyokaa kona ya dirisha. Kazi hiyo ya kuujenga ni yangu.

Mwenye ofisi ni mzee wa heshima zake, fundi redio wa zamani. Kila asubuhi naanza na shikamoo. Hata siku ambayo nimetoka nyumbani nimeshamgombeza kichwani njia nzima, nikifika mlangoni nasema, "Shikamoo bosi," naye anajibu, "Marahaba, mwanangu," na nusu ya ugomvi wangu imeshakufa hapo hapo. Ndivyo tulivyolelewa. Jamani, heshima ni kitu kizuri, lakini kuna watu wanajifunika nayo kama blanketi.

Saa ya ukutani ni yake. Sisi wote tunajua kwamba mshale ukiwa kwenye tisa asubuhi, ni saa tatu. Tumezoea kuusoma upande wa pili bila hata kufikiri. Bosi hataki. Anasema yeye hasomi saa kinyumenyume kama aliyevaa shati ndani nje. Kwa hiyo ameirudisha saa yake nyuma, ikiwa saa tatu asubuhi mshale unakaa kwenye tatu. Wageni hushangaa kidogo, anawaeleza, wanacheka, wanaizoea. Na mimi niliizoea. Nilikaa chini yake miaka, nikaona ni kituko tu cha mzee.

Sasa sikilizeni jinsi mfumo endeshi unavyojengwa, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nina hasira. Unaandika maelekezo kwa lugha ya kompyuta, kisha kompyuta inayageuza kuwa vipande ambavyo kisanduku kinaweza kuvitumia. Vipande ni maelfu. Ukivijenga vyote kuanzia sifuri, kompyuta yetu kongwe inakoroma tangu tunakunywa chai mpaka jua linazama nyuma ya mlima, na umeme ukikatika katikati, shughuli imekufa. Ndiyo maana kuna njia ya mkato. Kompyuta inatazama saa iliyogongwa kama muhuri kwenye kila andiko na kwenye kipande chake. Andiko likiwa limehifadhiwa baada ya kipande kujengwa, inakijenga kile kipande upya. Kipande kikiwa kipya kuliko andiko, inakiacha kama kilivyo. Kwa njia hiyo kazi ya siku nzima inakwisha kabla chai haijapoa.

Njia ya mkato si dhambi, mimi mwenyewe naitumia kila siku. Lakini kabla kisanduku hakijatoka mlangoni kwenda kwa watu, nilitaka tufute vipande vyote na kujenga kila kitu kuanzia sifuri, ili tuwe na hakika kwamba kilichomo ndani ndicho tulichoandika. Nililiomba hilo mara nyingi mpaka likawa utani wa ofisi.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," bosi aliniambia. "Sisi tunaziba ufa, mwanangu. Wewe kila siku unataka kujenga ukuta!"

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ni mzee, na methali ikitoka kwa mzee unaipokea hata kama ameiweka kichwa chini miguu juu.

Mama yangu ni mpokeaji wa maziwa kwenye kituo cha kikundi chao, huko njia ya Malindi, Malindi yetu ya huku milimani, si ile ya pwani. Wafugaji wanaleta ndoo asubuhi na jioni, yeye anapima, anamimina kwenye tangi la kupozea, na asubuhi gari linakuja kuchukua. Ufunguo wa kituo anaufunga kwenye pindo la kanga. Kazi hiyo alichaguliwa kwa mikono iliyonyooshwa kwenye mkutano, na hakuna kitu alichowahi kupewa na watu akakithamini kuliko ule ufunguo. Alifiwa na mume mapema, akalima kabichi kwenye matuta ya watu, akatusomesha. Ufunguo ulimwambia kwamba watu wamemwona.

Lakini kazi ile haina marafiki. Mama akipima maziwa akaona yana maji, anarudisha ndoo, awe jirani, awe shemeji, awe mwenyekiti wa kikundi. Mwenyekiti amewahi kurudishiwa ndoo yake mbele za watu. "Maji ya mto tunayo," mama alimwambia, "tuletee ya ng'ombe." Watu walicheka siku ile. Mwenyekiti hakucheka.

Tangi la kituo linaendeshwa na kisanduku chetu. Toleo la kwanza lilikuwa na ubovu: umeme ukikatika kisha ukarudi, tangi halikuwaka lenyewe, lilisubiri mtu abonyeze kitufe. Kwetu umeme unakatika upendavyo, hivyo mama alikuwa akiamka katika ile baridi, anajifunga kanga mbili na koti la marehemu baba, anakwenda kubonyeza. Mimi ni mtaalamu wa visanduku, na mama yangu anaamka kubonyeza kitufe! Niliona aibu. Nikaandika marekebisho: umeme ukirudi, kisanduku kiwashe tangi chenyewe, na kikishindwa kipige king'ora mpaka nyumba zote zisikie.

Siku nilipoyaandika, asubuhi nilikuwa nimejenga mfumo wa zamani nikaupima, uko sawa kama kawaida yake. Mchana umeme ukakatika. Kompyuta ya kona ina ugonjwa mmoja: betri yake ndogo ya kutunzia saa ilikufa zamani, kwa hiyo ikizimika inasahau tarehe na saa, mpaka ukiiwasha uiambie. Kwenye mtandao haijaunganishwa, bosi anaogopa virusi. Siku zote mimi ndiye ninayeiambia saa, natazama simu yangu. Lakini siku ile umeme ulirudi mimi nikiwa nimekwenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, bosi alikuwa ameshaiwasha.

"Nimekuwekea kila kitu," aliniambia. "Kaa ufanye kazi, gari la Malindi linangoja kisanduku."

Nikakaa, nikaandika, nikahifadhi, nikajenga kwa njia ya mkato, nikaujaza mfumo kwenye kisanduku kipya cha kituo cha mama. Nikamwambia bosi, nipe muda nijenge yote kuanzia sifuri, au basi niuchomoe huu waya tuone kama kitawaka chenyewe. Akasema tumeshapima asubuhi, dereva anapiga honi, nisiwe mtu wa kushika mkia wa ng'ombe anayekwenda malishoni. Akakichukua kisanduku mikononi mwangu. Mikononi mwangu, nasema. Akashuka nacho ngazi.

Jioni ile nikampigia mama simu. "Mama, sasa lala. Umeme ukirudi kitajiwasha chenyewe."

"Kweli mwanangu?"

"Kweli mama. Nimekirekebisha mimi mwenyewe."

Akalala. Haikupita wiki, umeme ukakatika watu wakiwa wamelala, ukarudi, na kisanduku kikakaa kimya kikisubiri kidole cha mtu. Asubuhi mama alipofungua tangi, maziwa ya kijiji kizima yalikuwa yamechacha. Yakamwagwa bondeni, na harufu yake ikakaa pale kwenye ukungu kama imekodishiwa chumba.

Nilipofika kwa bodaboda, watu walikuwa wamejaa kituoni. Mwenyekiti alikuwa katikati, anaongea kwa sauti ya msibani. "Mama yetu amechoka," alisema. "Amelala. Si dhambi kulala, lakini ufunguo haulali."

Mama alisimama ukutani na kanga yake. "Mwanangu aliniambia kitajiwasha," alisema.

Wakacheka. Watu ambao mama aliwakopesha mbegu, waliozaliwa mikononi mwake, walicheka. Mtu mmoja nyuma akasema lisemwalo lipo, na ninamjua ni nani, na salamu yake siku hizi naiitikia kwa shida. Mwenyekiti akampigia bosi wangu simu mbele ya wote, akaweka sauti ya nje.

"Kisanduku chetu ni kizima," bosi alisema kwenye simu. "Binti yake mwenyewe amekirekebisha, nilimwona kwa macho yangu. Labda mama alikizima kwa bahati mbaya. Watu wazima husahau."

Mtume! Mnaona alivyofanya? Kazi yangu mwenyewe ndiyo ikageuzwa shahidi dhidi ya mama yangu. Mwenyekiti akanyoosha mkono, mama akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo. Mkutano wa kumchagua mtu mwingine ukapangwa Jumamosi. Mama hakulia. Aliniuliza swali moja tu tukiwa njiani kwenda nyumbani: "Uliniambia kweli, au ulinifurahisha?"

Niligeuka nikarudi kituoni. Nilikifungua kile kisanduku ukutani, nikakibeba, nikarudi nacho ofisini. Nikachomoa waya, nikauchomeka. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikafungua maandishi yangu kwenye kompyuta: marekebisho yapo, kila mstari upo, kama nilivyoyaacha. Maandishi yapo na kisanduku hakina! Nilidhani naumwa.

Ndipo nikatazama saa zilizoandikwa kwenye mafaili. Vipande vya asubuhi ya siku ile vilikuwa na muhuri wa kumi, maana nilivijenga saa nne, na kompyuta huiita saa nne kumi. Hiyo sawa. Lakini marekebisho yangu, niliyoyaandika mchana baada ya swala, yalikuwa na muhuri wa saba na nusu. Kwa kompyuta, saba na nusu ni asubuhi, watu wanakunywa chai. Saa hiyo mimi nilikuwa kwenye bodaboda, bado sijafika mjini. Nani aliyaandika basi, jini?

Nikainua macho. Juu yangu saa ya ukutani inasema tik, tik, mshale umekaa kwenye nne, na nje ni saa nne asubuhi. Siku ile mchana ilikuwa imekaa kwenye saba, na bosi akaitazama, akaiandikia kompyuta saba. Mimi nikakaa hapo chini, ukuta unasema saba na nusu, kioo cha kompyuta kinasema saba na nusu, tumbo langu linasema saba na nusu, vyote vimekubaliana kama mashahidi waliofundishwa. Ningeona namba tofauti ningeshtuka. Kompyuta yenyewe ikaona andiko la saba na kipande cha kumi, ikasema kipande ni kipya, ikakiacha cha zamani, ikafunga mzigo na kunyamaza. Kama tungefuta na kujenga kuanzia sifuri hata mara moja, uongo ule usingekuwa na mahali pa kukaa.

Nikasukuma kiti nyuma, nikasimama. Bosi akaingia.

"Shikamoo bosi," nikasema, na nikajishangaa ulimi wangu.

"Marahaba. Umerudi mapema."

"Bosi, siku ile uliiwekea kompyuta saa gani?"

"Saa saba. Si ilikuwa saa saba?" Akanyoosha kidole ukutani.

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, kwa meno yaliyobanwa. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kumbe kompyuta imejichanganya," alisema.

Ebo! Kompyuta imejichanganya! Nikamwambia haikujichanganya, bosi, umeichanganya wewe, na ukamchanganya mama yangu, na ukasema kwenye simu kwamba ni mzee msahaulifu, na yeye kwa umri ni mdogo kwako. Nilipaza sauti mpaka muuza vitunguu chini akatazama juu. Halafu nikakaa mbele ya kompyuta, nikafuta vipande vyote. Bosi aliposema jenereta haina mafuta ya kutosha, nikamwambia basi atakwenda kuyachota, maana leo ukuta unajengwa. Kompyuta ikakoroma hadi jua likazama. Bosi alikaa nami, na mimi sikumkaribisha chai. Ilipomaliza nikakijaza kisanduku, nikachomoa waya, nikauchomeka, na kikawaka chenyewe. Nikafungua waya unaokwenda kwenye mtambo wa majaribio ili kishindwe kuuwasha, nikachomoa na kuchomeka umeme tena, king'ora kikalia mpaka mbwa wakaitikia. Nilikiacha kilie kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi nilipanda Malindi na bosi, na kisanduku, na saa ya ukutani kwapani. Niliing'oa na msumari wake. Bosi aliniona, akatangulia kushuka ngazi.

Kwenye mkutano akapewa nafasi aseme. Tulikuwa tumekubaliana atasema yeye, ni mzee, wataheshimu. Akasimama, akakohoa, akasema kulitokea hitilafu ndogo ya kimitambo na sasa imerekebishwa, asanteni. Akakaa.

Hitilafu ilitokea! Kama mvua! Kama haina mwenyewe! Nikasimama bila kuomba ruhusa, mwanamke, mbele ya wazee, na mama akanivuta sketi nikae, sikukaa. Nikaiinua ile saa juu.

"Mshale mfupi umekaa kwenye namba gani?"

"Nne," walisema wote, na kweli ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikamgeukia kijana wa mwenyekiti, nikamwambia asome namba kwenye simu yake. "Kumi," alisema.

"Kompyuta inajua kumi. Ukiiambia nne, inadhani ninyi wote bado mko kitandani. Ndivyo ilivyofanyiwa siku ile. Ikaamini kazi yangu ya mchana ni ya asubuhi na mapema, ikaona ni ya zamani, ikaiacha. Kisanduku kikaja kwenu bila marekebisho. Aliyeiambia hivyo yuko hapa, na si mama yangu."

Bosi alitazama viatu vyake. Halafu bibi mmoja mbele, anayeleta kidumu kimoja tu cha ng'ombe mmoja, akajipiga kofi la paja. "Kumbe kompyuta ndiyo iliyolala, siye yeye!" Watu wakacheka, safari hii upande wetu, na mimi sikufurahi hata kidogo. Ni vicheko vile vile.

Mwenyekiti akautoa ufunguo mfukoni haraka kama unamchoma. "Basi yaishe," alisema. "Mama, chukua, tuendelee tulipoishia."

Mama hakunyoosha mkono. Alisimama, akajitanda kanga vizuri. "Tulipoishia mlisema mimi mzembe," alisema. "Sitaendelea hapo. Mnichague upya, kama hamjawahi kunichagua. Asiyenitaka asinyooshe mkono, nimwone."

Mwenyekiti akasema hakuna haja. Mama akasema ipo. Wakanyoosha mikono, mmoja mmoja, wengine wakiinama wasikutane na macho yake, na mama akawatazama wote mpaka wa mwisho. Mwenyekiti alinyoosha wa mwisho. Ndipo mama akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo. Bosi alikuja kumsalimia tukiondoka, akamwambia Mungu ni mwema. Mama akamjibu kwa adabu zote. Neno "nisamehe" halikupita pale, na mpaka leo halijapita. Saa yake bosi amerudi kuitundika. Betri ya kompyuta nimenunua mimi.

Jumamosi ile ile nilikirudisha kisanduku ukutani kituoni, nikakipima mama akisikia, na jioni nilibaki kwake. Tulikuwa tunakula viazi na maharage baada ya magharibi, na moyo wangu ulikuwa umeanza kutulia, umeme ukakatika. Tukaendelea kula kwa mwanga wa moto. Baada ya muda taa ikarudi, na mama akaweka sahani chini, akaanza kujifunga kanga ya pili.

"Mama, kaa," nilimwambia. "Kimeshawaka chenyewe. Nimekijenga kuanzia sifuri, nimekipima, umekisikia mwenyewe."

"Najua, mwanangu," alisema. Akachukua koti la baba msumarini, akachukua tochi, akatoka.